Uzi wa Vitambaa Vitatu

Dzaleka, 12 mwezi wa tisa 1999

Kwa mudogo wangu Odette, pale Biwi,

Mi yaya wako Rosalie, dada yako mukubwa, nakusalimia, na salamu zangu ni nyingi kupita hii karatasi. Wote hapa tunapumua. Mume wangu papa Lwaboshi anakusalimia sana. Muhogo yake imestawi, na kila asubuhi anaenda kuitazama kama muntu mwenye kununua motokari. Bado anasema nsima, huu ugali wa hapa, si chakula, ni salamu tu mbele ya chakula, lakini sahani yake inarudi nyeupe kabisa.

Ile surua iliyopita mu kambi mwezi wa saba, ile Bamalawi banaita chikuku, imetuacha. Gabriella wetu amepona. Madoa yameisha, macho yamefunguka, homa imeenda. Banurse bamesema amepona, na mi pia nimesema.

Sasa neno lenyewe. Habari ya masomo tuliipata. Kama kweli yule mama mukubwa wa shule pale Likuni amekubali kumupokea Gabriella mu sekondari mwezi wa kwanza, na atakuwa analala kwako, basi sina kinywa cha kukushukuru. Ule mustari niliusoma mara tatu, kisha nikamupa Lwaboshi asome naye, labda mi nasoma vibaya, maana unajua masomo yangu yaliishia darasa la tatu. Tangu tukimbie Fizi, kule Kongo, hakuna mutoto wa kwetu amefika sekondari. Huyu akifika, tumefika wote.

Umesema wewe njo utashona yunifomu, juu mashine yangu imekufa mukanda. Metre yangu namba zimefutika, kwa hiyo natuma uzi kama mama yetu alitufundisha. Anza kwenye kitanzi. Kutoka kitanzi mpaka kitambaa chekundu ni kifua. Mpaka cha bluu ni kiuno. Mpaka cheupe ni urefu wa sketi. Uzi anakuletea Ndikumana, yule Murundi anakuja huko kununua kaunjika, zile nguo kuukuu. Usimukubali akikuambia amechoka, yeye anachoka kwa kusema.

Hii barua nimeiandika siku mbili. Ni mi yaya wako anayekutaja hata akikoroga sufuria,

Rosalie

*

Biwi, 28 mwezi wa tisa 1999

Yaya wangu Rosalie,

Zikomo kwa barua, na mumupe papa Lwaboshi pole ya nsima. Mwambie hapa mujini ni nsima asubuhi, nsima mangaribi, na mi nimenenepa, kwa hiyo hiyo salamu yake inafanya kazi. Baraza ninaposhonea limepata bati mpya. Mvua ikija sitakimbia tena na vitambaa vya bantu kichwani.

Ndikumana alifika. Alikaa kutoka saa nne mpaka saa saba akinieleza namna alivyochoka.

Kitambaa cha yunifomu nimenunua, kijani, kizito, hakitachujuka. Lakini yaya, sijakata. Nina maswali mawili, na usikasirike.

La kwanza. Kitambaa cha bluu kiliteleza njiani? Nilizungusha uzi wako kwa bidoni ya mafuta, ile ya lita tano, ukatosha, na haikubaki hata kidole. Gabriella ana miaka kumi na tano. Mara ya mwisho nilimushikia kiuno tukicheza mu arusi, na haikuwa bidoni ya lita tano.

La pili. Chini ya barua zako zote Gabriella huandika "Mama mudogo, biskuti," na kuchora bata. Mwezi wa sita bata alikuwa amevaa kofia. Tangu hapo sijaona bata. Ameenda wapi?

Ni mi mudogo wako mwenye makasi mkononi, anangoja,

Odette

*

Dzaleka, 20 mwezi wa kumi 1999

Mudogo wangu Odette,

Bwana akutunze wewe na bati yako mpya. Usiseme nimekawia. Kulikuwa na foleni ya mahindi, kisha Lwaboshi aliumwa jino, kisha jino likatoka, kisha akataka kila muntu alitazame.

Ule uzi wa kwanza niliupima vibaya. Siku ile kulikuwa na upepo. Sasa natuma mwingine, nimeupima ndani ya nyumba, mulango umefungwa. Huu njo wa kweli, kata kitambaa bila woga. Gabriella anakula kama askari. Iko sawa kabisa. Habari ya bata, ni biki yake iliisha wino, hakuna shida nyingine.

Tafazali mwambie yule mama wa shule kwamba mutoto iko tayari. Mwambie mapema, asije akampa mwingine nafasi.

Mi yaya wako,

Rosalie

*

Biwi, 26 mwezi wa kumi 1999

Yaya,

Nakusalimia, nawasalimia wote, na jino la papa Lwaboshi pia nalisalimia. Leo sitazunguka.

Nimetandika nyuzi mbili mezani, mmoja pembeni ya mwingine. Kwa wiki tano kiuno cha Gabriella kimeongezeka vidole saba. Nikasema asante Mungu, wametoa chakula kingi. Kisha nikatazama kitambaa cheupe. Miguu imepungua kiganja kizima! Yaya, surua inaacha madoa. Haifupishi bantu.

Huu ni uzi wa Mamy, binti wa jirani yako anayekaanga mandazi. Noeli iliyopita ni nani alimushonea gauni? Mi. Sura ya muntu naweza kusahau, lakini kiuno nilichokishonea sikisahau. Pole Mamy, alisimama akapimwa bila kujua ni kwa ajili ya nini.

Na ile biki yenye kuisha wino, barua yako uliiandika na nini, na masizi?

Nimecheka sana, mpaka muteja mmoja akaogopa. Kisha sikucheka tena.

Yaya, kuna jambo sijakuambia tangu nikiwa na miaka kumi na mine. Unakumbuka mwaka niliopata surua kule Fizi? Nilipona, kisha nikakaa nyuma ya jikoni miezi mine. Sikutaka kuona muntu. Nilikuwa nalia nikisikia batoto banacheza. Nilikuwa naogopa kitu, na kama ungeniuliza ni kitu gani, singekijua. Na wewe kila muntu akiuliza unasema, "Odette? Ameenda Baraka kwa shangazi." Ukanifungia mlango wa jikoni. Mpaka siku ile shangazi mwenyewe alikuja kutoka Baraka na kuku wawili, akaketi, akauliza, "Na Odette iko wapi?" Nilikuwa nyuma ya ukuta wa matete, nakusikia unatafuta jibu.

Sikukasirika. Nilijua ulikuwa unanifunika kama unavyofunika chakula, nzi wasiingie. Lakini mule ndani kulikuwa na giza, yaya.

Sasa niambie. Gabriella iko Baraka?

Hospitalini Likuni kuna Sista Léoncie, mtawa wa kutoka Burundi, anasikia Kiswahili chetu. Namushoneaga mapazia ya wodi. Nimemuuliza habari ya mutoto mmoja, jina sikumupa. Alisema, "Mulete."

Odette

*

Dzaleka, 2 mwezi wa kumi na moja 1999

Odette mudogo wangu,

Umenishinda. Barua yako niliisomea chooni ili Lwaboshi asinione, na yeye alikuwa mulangoni ananingoja, anajua. Salamu zote utazipata siku nyingine.

Gabriella hayuko sawa.

Uzi wa kwanza njo ulikuwa wa kweli. Nilipouzungusha kiunoni mwake niliona amekonda sana, nikasema Odette hatatambua. Nikasahau nani alikufundisha kupima.

Iko hivi. Mwili umepona, hata homa ndogo hana. Lakini asubuhi anakaa juu ya mukeka, ananyoosha miguu, anaangalia vidole. Mi naenda mutoni, narudi, bado anaangalia vidole. Juzi maharagi yalifurika juu ya moto, akalia kama muntu amefiwa. Jirani akikohoa, anashika moyo. Akichukua kitabu anasema mustari wa kwanza unakimbia akifika wa pili. Mamy na benzake ba kwaya bakija, anapitia nyuma ya nyumba. Nimemuuliza, "Mama, nini inakuuma?" Akasema, "Hakuna. Niko kama muntu anasikia bantu banacheka mu nyumba ya jirani." Ile neno imeniua, Odette.

Na kosa ni langu. Unajua desturi ya kanisa letu, muntu akipona anatoa shukrani mbele ya bantu, kwaya inamupeleka na wimbo, anasema ushuhuda. Mi kwa haraka yangu niliandikisha jina lake kwa Pasta Théophile mwezi wa nane. Nilimushonea kitambaa cha kichwa. Nilifikiri akisema kwa kinywa chake "nimepona" mbele ya kanisa zima, basi itakuwa. Akasimama. Akasema, "Nimepona mwili." Kisha akanyamaza. Tukangoja. Machozi yakaanza kumutelemuka, na bamama nyuma bakaanza kunong'ona.

Lwaboshi njo aliokoa ile siku. Alisimama upande wa banaume, akasema kwa sauti, "Na mi pia nina ushuhuda." Na akatoa ushuhuda wa muhogo. Robo saa nzima! Namna alivyopanda, namna panya ilivyokuja, namna alivyoomba juu ya ile panya. Bantu bakacheka mpaka bakasahau, na Gabriella akatoka kwa mulango wa pembeni. Tangu siku hiyo sijamusema vibaya yule mwanaume, hata akisema habari ya nsima.

Kisha maneno yakaanza. Mmoja anasema ni pepo, mwingine anasema ni uvivu wa binti mukubwa. Pasta Théophile amesema tuombe, na tumupeleke hospitali, vyote viwili. Lakini niliogopa. Niliogopa ukisikia, utamwambia yule mama wa shule, na shule itapotea. Na kuna neno moja bantu banasema juu ya bantu kama hawa, ile neno sitaliandika, mukono wangu unakataa.

Habari ya Baraka, unisamehe. Nilikuwa na miaka kumi na nane. Nilifikiri kama hakuna anayeona, basi kitu hakipo. Na tazama, nimezeeka na bado nafunga mulango wa jikoni.

Tunakuja. Biro ya kambi imetupa karatasi ya ruhusa ya siku tano. Tutakuja na Ndikumana siku ya posho, uombee masikio yetu.

Yaya wako,

Rosalie

*

Biwi, 4 mwezi wa kumi na mbili 1999

Yaya Rosalie, papa Lwaboshi,

Amani kwenu. Bado kuna ndakala, zile dagaa kavu ulizoacha, zinanuka nyumba nzima, na mwenye nyumba ameanza kuulizia kwa adabu kama kuna kitu kimekufa. Nilimupa sahani moja. Sasa anaulizia kama zitakuja zingine.

Yaya, siku ya mwisho pale Likuni ulikuwa unalia, sijui ulisikia nini. Sista Léoncie ameniambia nikuandikie polepole, usome kwa nafasi yako.

Alisema ameona vijana wengi ba umri huo. Homa kubwa ya virusi inapita, mwili unatangulia kupona, na roho inabaki nyuma inakuja kwa miguu. Bengine wiki mbili, bengine miezi mingi. Si pepo. Si uvivu. Si ile neno mukono wako ulikataa kuandika. Na si kosa la mama. Hiyo alirudia mara mbili, akaninyooshea kidole, akasema, "Hiyo uiandike." Nimeiandika.

Dawa yake hainunuliwi sokoni. Aamke saa ile ile kila siku. Atembee kidogo jua likiwa bado dogo. Ale kidogo mara nyingi. Apewe kazi yenye mwisho, kazi ambayo muntu anaona imeisha. Asilazimishwe kusema amepona. Na kila alhamisi ya pili ampelekee Sista macho yake, ayaone.

Wiki ya kwanza tangu umuache kwangu, alikaa barazani mgongo kwa bantu. Mi nilikuwa nashona tu, na kusema na mashine yangu, unajua mi nasema na mashine. Siku ya tisa akageuka. Akasema, "Mama mudogo, kwa nini vifungo vyako vyote viko mu kopo moja?" Nikasema, "Juu sina muntu wa kuvitenga." Akamwaga kopo lote juu ya mukeka. Alitenga vifungo mpaka saa tisa. Vyeupe vya maziwa mbali, vyeupe vya mfupa mbali. Mi nilikuwa naviita vyote vyeupe.

Na juzi alicheka! Bambo mmoja, bwana wa hapa mujini, alikuja kupimwa suruali, akaniambia, "Acha nafasi kiunoni, kwa ajili ya nsima inayokuja." Gabriella akasema polepole, "Papa yangu angemwambia aache nafasi ya muhogo." Na akacheka. Ni kacheko kadogo, yaya, kama sauti ya makasi. Lakini nilikasikia.

Nimemwambia mama mukubwa wa shule ukweli wote. Usiruke. Amesema dada yake mwenyewe alipita hapo. Nafasi iko.

Odette

*

Dzaleka, 28 mwezi wa kumi na mbili 1999

Mudogo wangu,

Noeli njema iliyopita na mwaka mpya unaokuja. Tulikula sombe, majani yetu ya muhogo, na ule mchele uliotuma. Lwaboshi alivuna muhogo wa kwanza, akapeleka kwa majirani wote kipande kimoja kimoja, Mamy akapata viwili, nilisema nina deni la kiuno chake. Nimemwambia Mamy yote. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akasema, "Mama Gabriella, mwambie ningepima hata mara kumi."

Niambie hizi zote, usiruke hata moja. Analala saa ngapi? Usiku anaamka? Anakula sombe au anaizungusha mu sahani? Nywele nani anamusuka? Akisikia muntu anakohoa anafanya nini? Vifungo bado anatenga? Ananitaja? Akinitaja anasema nini? Ananikasirikia juu ya ile siku ya kanisa? Shule ni tarehe gani? Atavaa soksi gani?

Lwaboshi anasema nimeandika kama askari wa mupaka. Naye anauliza kama anacheka kila siku au siku zingine tu.

Rosalie

*

Biwi, 19 mwezi wa kwanza 2000

Yaya,

Salamu nyingi. Mvua ni kubwa, kazi ni nyingi, bati mpya inavuja. Shule imefungua. Yunifomu imemukaa vizuri kabisa. Soksi nyeupe. Nitaandika tena nikipata nafasi.

Odette

*

Dzaleka, 22 mwezi wa kwanza 2000

Odette,

Nakusalimia. Umeandika yunifomu imemukaa. Haukuandika kama ilitoka mulangoni.

Mi njo nilianza kuficha mbele yako, na mushono wa ndani naujua nikiuona. Niambie ukweli kama nilivyokuambia. Sitakuja kumuchukua. Nimekaa juu ya mikono yangu hapa ili nisije.

Rosalie

*

Biwi, 13 mwezi wa pili 2000

Yaya wangu,

Nimecheka, nimeona haya, nimecheka tena. Kumbe ndani ya familia yetu wote tuna jikoni ya kufungia bantu.

Ukweli ni huu. Siku ya kwanza alivaa, akafunga viatu, akakaa juu ya kitanda. Akasema miguu imekataa. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu hivyo, na mi niliingia nyuma ya pazia nikalia, juu niliogopa utakuja kumuchukua na kila kitu kitarudi nyuma. Njo sababu nilikuandikia mistari mine kama muntu anayemukimbia polisi.

Alhamisi tukaenda kwa Sista Léoncie. Sista akamuuliza, "Miguu inakataa shule yote, au inakataa mlango wa shule?" Gabriella akafikiri. Akasema, "Inakataa kuingia wakati bote banatazama." Ni ile siku ya kanisa, yaya, ilikuwa inamungoja pale getini. Basi mama mukubwa wa shule akasema aingie mbele ya benzake kwa saa nzima, bamukute ameshakaa. Siku ya kwanza nilimusindikiza mpaka geti, nikabaki kwa mama muuza ndizi mpaka akatoka saa sita. Nilikula ndizi nane. Wiki ya pili alibaki mpaka saa nane. Sasa anaenda na binti wa mwenye nyumba, yule ambaye anasema bila kupumua, na nadhani hiyo pia ni dawa.

Siku zingine bado zinakuja nzito. Juzi aliamka vibaya, akasema, "Leo ni bluu," njo jina lake la siku nzito. Nikamwambia, "Leo tenga vifungo, shule kesho." Kesho yake akaenda. Sista anasema hiyo njo namna ya kupona, si ngazi, ni njia ya muntu anayetafuta mbuzi.

Uliniuliza kama anakukasirikia. Nimemuacha ajibu mwenyewe, chini hapa.

*Mama, sikukasirikii. Nilikasirikia kinywa changu. Papa mwambie ushuhuda wake wa muhogo nimeueleza darasani kwa Kingereza, bote bakacheka, na nilikuwa nimesimama. Mama, ulipokuja hapa mwezi wa kumi na moja ulisinzia kwenye kiti cha wateja mchana, nikakupima na uzi. Kitambaa cha bluu kilinitisha, kumbe umekonda hivyo. Nilifikiri mi njo mugonjwa peke yangu. Nimekushonea gauni kwa kikwembe, kitenge kimoja cha mama mudogo. Mushono wa kushoto umepinda, usiufumue. Mama mudogo alitaka kuufumua nikamukataza. Gabriella.*

Na pale chini, yaya, tazama mwenyewe. Amevaa soksi nyeupe.

Odette

*

Dzaleka, 5 mwezi wa tatu 2000

Kwa mudogo wangu Odette na mutoto wetu Gabriella, pale Biwi,

Nawasalimia kama muntu mwenye mikono mine. Papa Lwaboshi anawasalimia na kifua mbele, juu amesikia muhogo yake imefika mu Kingereza. Sasa anataka kupanda zingine, anasema zile za kwanza zimesoma.

Bata tumemuona. Nilienda kumuonyesha Mamy, Mamy akaenda kumuonyesha mama yake, barua ikarudi jioni na alama za mafuta ya mandazi. Nimemubandika ukutani pembeni ya kalenda, na soksi zake.

Gauni ilifika kwa mukono wa Ndikumana. Aliniambia imechoka njiani. Nilinawa mikono mbele ya kuigusa. Mushono wa kushoto nimeuona, umepinda kama barabara ya kwenda Fizi, na muntu akileta wembe karibu yake atanikuta mulangoni. Jumapili nikataka kwenda nayo kanisani.

Gabriella, mama, haikufunga.

Nilivuta pumzi, Lwaboshi akavuta upande mmoja, Mamy upande mwingine, kifungo kikaruka mpaka mu maji ya kunywa. Kumbe wewe ulimupima yule Rosalie wa mwezi wa kumi na moja, aliyekuwa akipika bila kula. Yule hayuko hapa tena. Tangu barua ya vifungo nakula bugali yangu, namaliza ya Lwaboshi, na yeye ananitazama tu kwa furaha. Hata hivyo nilienda kanisani nayo, nyuma wazi, nimefunika na kitenge. Pasta Théophile akauliza kama kuna mwenye shukrani. Nikabaki nimekaa. Shukrani yako ni yako, utaitoa siku ukitaka, au utaitoa hapo darasani na Bamalawi, Mungu anasikia Kingereza pia.

Siku ikija nzito, usiniandikie ni nyepesi. Niandikie nzito, nami nitaisoma mu baraza, mbele ya bantu, mulango wazi.

Natuma uzi ili muongeze nafasi. Ni wangu, si wa Mamy. Lwaboshi alishika kitanzi, na kulikuwa hakuna upepo. Kitambaa cha bluu kimeenda mbele vidole vitano.

Na hapa chini nimejaribu kuchora bata, mara yangu ya kwanza tangu nizaliwe. Lwaboshi ametazama kwa muda, anauliza kwa nini nimechora sufuria yenye miguu. Odette, wewe usiseme kitu. Muonyeshe Gabriella. Yeye atajua.

Rosalie